Madirisha yaliyopandana kwenye karatasi ya ramani: mmeuliza, tunajibu

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: vyupoti, yale madirisha tunayoyafungua upande wa karatasi (ukurasa wa kuchapa) ili kuonyesha ramani iliyochorwa upande wa modeli (tunakochora kwa vipimo halisi). Ukiwa na dirisha moja kazi ni nyepesi. Yakifika mawili na moja likapanda juu ya jingine, maswali huanza. Majibu haya ni ya wanaotumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta.

Shikamoo mwalimu. Nimeweka dirisha dogo la ngazi ndani ya dirisha kubwa la ramani ya sakafu. Nikishaingia kwenye kubwa, siwezi tena kuingia kwenye dogo. Kila ninapobofya naangukia kwenye lile kubwa. Nifanyeje?

Marahaba. Ukiwa ndani ya dirisha kubwa, programu huhesabu kila mbofyo ulio ndani ya mipaka yake kuwa ni wa kwake, na dogo lako lote limo humo. Shika Ctrl ubonyeze R. Kila ukibonyeza unahamia dirisha linalofuata, na fremu ya lile uliloingia hunenepa. Itazame fremu, maana ndiyo itakayokuambia uko wapi. Ukitaka kufanya kazi ndefu humo ndani, andika VPMAX dirisha lijae skrini, kisha VPMIN ikurudishe kwenye karatasi. Skeli uliyopanga haiguswi.

Mistari ya ramani kubwa inapita chini ya mchoro wangu wa kina na kuuchafua. Nilidhani dirisha la juu lingeficha la chini.

Haliwezi kulificha, kwa sababu dirisha halina karatasi nyeupe nyuma yake. Mchoro wa mistari ni uwazi mtupu: programu huchora mistari ya la kwanza, kisha ya la pili, na vyote viwili vinaonekana. Kwa hiyo ni wewe mchoraji unayepaswa kuamua eneo lile la karatasi ni la nani.

Kwanza angalia kama kweli kuna mgongano. Tuseme karatasi ni A1, yaani milimita 841 kwa 594. Jengo la urefu wa mita 60 kwa skeli ya 1:100 linachukua milimita 600. Ngazi ya mita 3 kwa 6 ukiichora kwa 1:20 inataka milimita 150 kwa 300. Ukitoa kingo na kisanduku cha jina la mradi, huenda nafasi ya pembeni isitoshe. Lakini kama jengo lina umbo la L, ile kona tupu ya L iko ndani ya dirisha kubwa na haina mstari hata mmoja. Weka ngazi yako hapo. Fremu zitapandana, michoro haitapandana, na hakuna dhambi yoyote. Nimeona wachoraji wakihangaika kutenganisha fremu ambazo hazitachapwa kabisa, wanachoka bure.

Kama mistari inagongana kweli, likate dirisha kubwa. Andika VPCLIP, chagua dirisha, kisha chagua kuchora mpaka mpya wa pembe nyingi. Badala ya pembe nne utapata sita: mpaka unashuka, unafika karibu na dirisha dogo, unakata ndani, unashuka tena, unaendelea na safari yake. Acha milimita kadhaa kati ya mipaka miwili ili jicho lipumzike. Kama una polilaini (mstari mmoja wa vipande vilivyoungana) iliyofungwa au duara tayari, unaweza kulichagua likawa mpaka. Ukijuta, rudi kwenye VPCLIP, chagua kufuta mkato, na pembe nne zako zinarudi. Wapo wanaoamini kwamba dirisha lazima liwe mstatili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya AutoCAD 2000, si sasa.

Kuna njia nyingine, ya kulaza WIPEOUT, kiraka kinachoficha vilivyo chini yake, upande wa karatasi juu ya dirisha kubwa, kisha kulipandisha dirisha dogo juu yake kwa amri ya DRAWORDER. Inafanya kazi, nami huitumia pale dogo linapokaa katikati kabisa ya kubwa, ambako huwezi kukata kona. Ila inategemea mpangilio wa nani yuko juu ya nani, na mtu mwingine akigusa mpangilio huo faili likiwa mikononi mwake, mistari inarudi. Mkato wa VPCLIP hautegemei mpangilio huo. Ndiyo maana naupenda zaidi.

Nilizigandisha leya (matabaka ya mchoro) za fremu ili zisionekane. Madirisha ya mstatili yako sawa, lakini lile nililolikata limerudi kuonyesha kila kitu!

Fremu iliyokatwa ndiyo mkasi wenyewe. Ukiigandisha leya yake, programu huacha kuufuata mkato. Iyeyushe, kisha izime tu: leya iliyozimwa huficha fremu na mkato unabaki. Bora zaidi, iache ionekane na uizuie isichapwe, kwa kubofya ile alama ya printa kwenye orodha ya leya. Hivyo utaendelea kuziona fremu zako unapofanya kazi.

Nataka kuonyesha jengo la zamani na la jipya mahali pamoja, moja juu ya jingine, lakini kila moja na leya zake. Inawezekana bila kuchora mara mbili?

Inawezekana, na hapa kupandana ni kwa makusudi. Panga dirisha la kwanza vizuri: skeli, mahali, kila kitu. Lifunge lisisogee, sehemu hii watu huiruka, na mzunguko mmoja tu wa gurudumu la kipanya unaharibu skeli bila wewe kujua. Kisha nakili dirisha hilo papo hapo, nukta ya kuanzia na ya kufikia ikiwa ileile. Nakala inabeba mwonekano na skeli, kwa hiyo kuta zinalaliana sawasawa. Sasa ingia kwenye moja ugandishe leya za jipya kwa dirisha hilo peke yake, halafu ingia kwenye la pili ugandishe za zamani. Kuna safu yake maalumu kwenye orodha ya leya. Usitumie ile ya kugandisha kila mahali, itakufutia pande zote mbili.

Fremu mbili zilizolaliana hivyo ni taabu kuzichagua. Washa Ctrl+W: ukibofya palipo na vitu zaidi ya kimoja, kiorodha kinatokea unachagua unachotaka.

Mistari ya vipande ni mirefu kwenye dirisha moja na mifupi kwenye jingine, na kwa kuwa yamekaribiana inaonekana vibaya.

Weka PSLTSCALE, mpangilio wa urefu wa vipande hivyo, iwe 1, kisha andika REGENALL ili madirisha yote yachorwe upya. Vipande vitapimwa kwa karatasi, si kwa skeli ya kila dirisha.

Karatasi yangu ina madirisha mengi sana. Nikiongeza jipya, jingine linakuwa tupu. Nimeharibu faili?

Faili ni zima. MAXACTVP ndiyo inayoweka idadi ya madirisha yanayoonyesha mchoro kwa wakati mmoja, na kikomo chake ni 64. Kama yako imewekwa chini ya hapo, ipandishe. Kikomo hicho ni cha skrini tu. Kwenye kuchapa, hata yaliyokuwa tupu yanatoka. Kama hilo silo tatizo, fungua sifa za dirisha tupu uone kama halijazimwa.