Fundi anajibu: Tyubu moja imekuwa nyekundu, ninunue moja au seti nzima?

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya ampu za gitaa, na mengi ni ya tyubu, zile chupa za kioo zinazowaka huko nyuma. Nimechagua matano. Mengine yanafanana sana na haya, kwa hiyo kama hujaona lako soma jibu la mwenzako.

Habari fundi. Sisi ni bendi ya dansi tuko Magomeni, tuna Marshall JCM800 ile ya wati 100, ya zamani ila inapiga kweli. Jumamosi katikati ya wimbo sauti ikapooza, kucheki nyuma nakuta tyubu moja kati ya zile nne kubwa bati lake la ndani limekuwa jekundu kama mkaa, tukazima. Mpiga besi anasema tununue moja tu tuchomeke maisha yaendelee, wengine wanasema lazima zote nne. Tuna shoo mwisho wa mwezi na mfuko hauruhusu. (Mpiga solo, Magomeni)

Kaka mmefanya la maana kuzima, maana wengi wanamalizia wimbo kwanza, na ule wimbo mmoja ndo unaondoka na transfoma.

Sasa kabla hujanunua chochote, jua kwanza mgonjwa ni nani. Bati likiwa jekundu maana yake umeme unaopita humo ni mwingi kuliko linavyoweza kuhimili, tyubu zenu, aina ya EL34, bati lake mwisho ni wati 25. Hilo linaletwa na mambo mawili: ama tyubu yenyewe imeisha au ina shoti ndani, ama ampu haiifikishii bayasi yake. Bayasi ni zile volti hasi zinazoibana tyubu isiachie umeme wote, na zikipotea, tuseme kapasita (kile kifaa kinachohifadhi umeme) inavuja au mguu wa soketi umelegea, hata tyubu iliyotoka boksini leo itaungua palepale.

Kujua ni kipi kati ya hivyo huhitaji mita. Zima, chomoa ukutani, acha ipoe kabisa. Tazama kwanza ule mpako wa fedha ndani ya kioo, kama umegeuka mweupe basi hewa imeshaingia, hiyo tupa. Kama bado unang'aa, ihamishie ile tyubu kwenye soketi ya mwenzake na ya mwenzake uilete kwake, hakikisha spika imechomekwa (ampu ya tyubu haiwashwi bila spika, HAIWASHWI), halafu washa ukiwa umekaa nyuma yake mkono kwenye swichi, zima taa za chumbani uone vizuri. Wekundu ukihama na tyubu, tyubu ndo mbovu. Wekundu ukibaki kwenye soketi ileile huku umeweka tyubu nzima, basi ampu ndo mbovu, na mkinunua seti mpya mtakuwa mmenunua kuni. Ukiona tu dalili ya wekundu zima, usingoje iive.

Tuseme ni tyubu. Nne hizo zinafanya kazi mbili kwa mbili, upande mmoja unasukuma mwingine unavuta, ndo maana wauzaji wanaziuza zikiwa zimelinganishwa, mbili au nne. Ukichomeka moja mpya kati ya tatu zilizochoka hazitabeba mzigo sawa, itapiga ndiyo, ila muungurumo utauongeza na wewe utarudi kuniandikia tena. Kwa hiyo mpiga besi hapana.

Lakini na wanaosema lazima nne nao si kweli kabisa. Ampu yenu inaweza kupiga na tyubu mbili: chomoa zile mbili za katikati, au zile mbili za pembeni, yaani lazima ibaki moja kila upande, ukichomoa mbili za upande mmoja utaharibu. Halafu ile swichi ya ohm nyuma ishushe nusu, kabati la spika la ohm 16 weka 8, kabati la 8 weka 4. Utabaki na wati kama 50, na usiogope hiyo nusu, nusu ya wati ni desibeli 3 tu, pale ukumbini watu wanacheza hakuna atakayejua. Kama mbili nzuri zilizobaki zinakaribiana piga nazo shoo ya mwisho wa mwezi, hela ya seti mtaitafuta taratibu.

Ila jambo moja. Tyubu kubwa kwa ampu kama yenu sio balbu useme unachomeka unaondoka, kila zikibadilishwa bayasi inapimwa upya. Hesabu yenyewe sio ngumu, chukua asilimia 70 ya zile wati 25 upate 17.5, gawanya kwa volti zilizopo kwenye bati, mfano 460, unapata kama miliampia 38 kwa kila tyubu. Ugumu uko kwenye hizo 460. Ampu hii hata ikiwa imechomolewa ukutani kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti, na zinaua. Fundi redio wenu wa jirani, kama amezoea redio za transista tu na hajawahi kufungua kitu cha namna hii, mwambie ukweli asiguse, tafuteni aliyewahi. Na fyuzi ikikatika weka ya ampia zilezile zilizoandikwa, hii habari ya kuzungushia karatasi ya sigara naikuta mpaka leo kwenye ampu za mamilioni.

Bwana asifiwe fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya Moshi. Tuna ampu Fender Blues Junior, kijana wetu akiwasha inakoroma na kulia kama mluzi, ukigusa boksi lake inajibu "ting". Tumeambiwa tubadilishe tyubu zote tano na bei tuliyotajiwa imetushtua. Halafu pia sauti yake ni kubwa sana kwa kanisa letu, hata kwenye 2 wazee wanalalamika.

Amina mama. Msinunue tano. Mnayo mbovu moja, na karibu ninaijua ilipo.

Kwenye ampu hiyo kuna EL84 mbili za kusukuma spika na ndogo tatu aina ya 12AX7. Tyubu ndogo ikizeeka vyuma vya ndani vinalegea, inaanza kusikia mitikisiko kama maikrofoni, ndo hiyo "ting". Kijana achukue penseli ya mbao, volyumu ndogo, agongegonge kioo cha kila moja taratibu upande usio na risasi. Zote zitasema kidogo, hiyo ni kawaida, lakini moja itapiga kelele kupita wenzake. Mara nyingi ni ile iliyo jirani na tundu la kuchomekea gitaa, kwa sababu chochote inachokisikia yenyewe kinakuzwa na zote zinazofuata. Aibadilishane nafasi na ya tatu, mluzi ukipotea au ukipungua sana mmeshampata mhalifu.

Kuichomoa: ipoe kwanza, ishike kioo karibu na soketi, ivute wima huku unaitikisa kidogo kidogo, msiizungushe maana miguu tisa ile ni myembamba inapinda. Humo ndani zinaning'inia kichwa chini, kwa hiyo mkono mwingine uwe chini yake. Hizi ndogo hazihitaji kupimwa bayasi, kijana yeyote mtulivu anaweza.

Na hapo hapo nawapa dawa ya wazee: badala ya 12AX7 nyingine, pale karibu na gitaa nunueni 12AT7. Inaingia soketi ileile, lakini ukuzaji wake ni kama 60 ambapo 12AX7 ni 100. Sauti inakuwa safi zaidi na kile kitufe cha volyumu kinapata nafasi ya kuzunguka, sio ukigusa tu imelipuka. Gitaa la sifa halihitaji zaidi ya hapo, mimi naona hata kwenye mabaa wangeiga.

Niaje fundi, niko Nairobi. Kuna msee ananiuzia tyubu za Mullard mpya kwa boksi anasema ni zile za Uingereza original, bei iko juu si mchezo. Nichukue? Na ECC83 na 12AX7 gani ni poa zaidi?

ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja, jina la Ulaya na jina la Marekani. Usimlipe mtu zaidi kwa sababu ya herufi.

Kuhusu Mullard, kile kiwanda cha Blackburn Uingereza kilishaacha zamani. Jina linamilikiwa na kampuni ya Marekani, New Sensor, ndo hao hao wa Electro-Harmonix, na tyubu zenyewe zinatengenezwa Saratov, Urusi. Siyo mbaya, mimi nazifunga kwenye ampu za watu, lakini ni tyubu za leo, zinatakiwa bei ya leo. Boksi jipya linalong'aa lenye nembo safi kabisa ukaambiwa ni la miaka ya 60, uliza maswali. Za zamani za kweli zipo na wengine wanaapa kwazo, lakini bila kuona zimepimwa kwenye mashine unanunua hadithi tu. Ungeniuliza mimi, chukua tyubu za JJ za Slovakia, imara na bei ya kueleweka, hela inayobaki nunua nyaya nzuri. Na hizi bei za juu usishangae, Machi 2022 Urusi ilizuia tyubu kutoka nje ya nchi, dunia nzima ikakimbilia viwanda viwili vitatu vilivyobaki, baadaye zikaanza kutoka tena lakini bei hazijarudi zilikokuwa.

Fundi salaam, narudi Mombasa kutoka Minnesota na Fender Deluxe Reverb yangu. Nibadilishe tyubu ziwe za volti 240?

Hapana ndugu yangu, tyubu hazijui umeme wa ukutani ni volti ngapi, anayejua ni transfoma. Yako ni ya volti 120, ukiichomeka Mombasa moja kwa moja kila kitu ndani kinapata mara mbili, ukiwa na bahati fyuzi inawahi. Nunua transfoma ya kushusha, ya wati 500 itafanya kazi bila kuhema. Kule umeme ni hezi 60 huku 50, transfoma ya ampu itapata joto kidogo zaidi, iachie nafasi ya kupumua nyuma. Kwa safari chomoa tyubu zote, kila moja ibandike karatasi ya namba ya soketi yake, hasa ile GZ34 na zile 6V6 mbili zisije zikapishana maana soketi zao za matundu manane zinafanana, zifunge kwenye soksi upande nazo ndegeni.

Shikamoo fundi, mimi nipo Bukoba, ampu yangu ni Roland JC-120, upande mmoja sauti imefifia. Nibadilishe tyubu ipi?

Marahaba mwanangu. Hiyo haina tyubu hata moja, ni transista tupu tangu ilipotoka 1975. Ila ina spika mbili na kila spika ina mashine yake ya wati 60, kwa hiyo zima, chomoa ukutani, zibadilishane nyaya za spika. Ufifiaji ukibaki kwenye spika ileile, spika imekwisha. Ukihamia ya pili, niandikie tena uniambie kama inakoroma au iko kimya.