Sibiloi kwa njia ya Chalbi: maji yako yatoke nyumbani

Wengi wanaopanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kwa kupitia jangwa la Chalbi, huona kwenye ramani chemchemi za Kalacha na North Horr, wakapunguza maji garini. Tafadhali usifanye hivyo. Maji ya huko yana chumvichumvi, na kuyachemsha hakuiondoi, huikoleza tu. Ya ziwani yana magadi na floraidi nyingi, usiyanywe kabisa. Kila mtu abebewe lita 6 za kunywa kwa siku, 4 za kupikia na kunawa, kisha ongeza akiba ya siku 2. Tumia madumu ya lita 20, maana moja likipasuka mengine yanabaki.

Tena chemchemi hizo zina wenyewe. Wagabra, wafugaji wa huko, hunywesha ngamia na mbuzi hapo, na mtu akitia sabuni ameharibu maji ya mifugo ya watu. Egesha mbali, salimia, uliza wazee kwanza.

Dizeli jaza mjini Marsabit. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 600, na mchangani Land Cruiser inaweza kula lita 20 kwa kilomita 100. Mwenye tangi la lita 90 abebe madumu manne ya lita 20. Lipia kiingilio cha hifadhi cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwa mtandao ukiwa bado mjini.

Chalbi yenyewe ni ziwa lililokauka. Juu kuna ganda jeupe la chumvi, chini yake udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha milimani, maji huteremkia humo hata kama kwako jua linawaka, kwa hiyo ulizia hali ya njia kwenye kijiji cha Maikona kabla ya kuingia. Fuata alama mpya za magurudumu. Palipo na rangi nyeusinyeusi pana unyevu, pakwepe. Aprili, Mei na Novemba ni afadhali usiende.

Matairi ndiyo huwaangusha wengi. Kwenye mchanga teremsha upepo hadi psi 18 au 20, lakini kwenye mawe ya volkano karibu na Marsabit usifanye hivyo: tairi likilegea, ubavu hutokeza nje na jiwe huuchana, na ubavu hauzibiki. Beba spea mbili na pampu. Ukikwama, usikanyage mafuta, gari litazama hadi ekseli. Chimba mbele ya magurudumu, punguza upepo hadi psi 15, tandika mabati ya kukwamulia, toka kwa gia ya chini. Miti ya kufungia winchi (mashine ya kuvuta gari kwa kamba) hakuna, ndiyo maana tunasisitiza muende na magari mawili.