Kutoka uuguzi kwenda teknolojia: jibu la aliyekuwa mhasibu

Dada, umeuliza kama muuguzi aliyevuka miaka 30 bado anaweza kujifunza kuandika programu, na ufanyeje na ile sauti inayokwambia "watanigundua kuwa sijui kitu". Mimi nilitoka uhasibu, sasa nashughulika na hifadhidata.

Sauti hiyo hukuianza wewe. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu vizuri kabisa huku wakijiona matapeli wanaosubiri kuumbuliwa. Kwangu haijanyamaza mpaka leo. Nimeizoea tu, na kazi inakwenda.

Kilichonipa nguvu ni uhasibu wenyewe. Kazini tuliunganisha kwa SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, jedwali la malipo na la anwani za wateja. Ripoti ikatoka, wenzangu waliosomea kompyuta wakaridhika. Mimi kwa mazoea ya leja nikajumlisha upya malipo kutoka jedwali la awali, na jumla zikakataa kulingana. Kumbe wateja wenye anwani mbili kila malipo yao yalijirudia mara mbili. Programu haikulalamika hata kidogo, maana kwa kompyuta hapakuwa na kosa lolote.

Wewe una jicho kama hilo kwa takwimu za wagonjwa. Ukikuta sukari ya damu 5 kwenye safu moja na 90 kwenye nyingine, utajua mara moja kwamba huenda ni hali ileile, moja imeandikwa kwa kipimo cha mmol/L na nyingine kwa kipimo cha mg/dL. Mtu asiyewahi kukaa wodini atakokotoa wastani wa hizo namba na kuendelea zake.

Wakikwambia ni kazi ya wanaume, wakumbushe kuwa ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliandaliwa programu na wanawake sita, miaka ya 1940. Kisha endelea na shughuli zako, ubishi huo haulipi.

Usiache kazi kwanza. Anza na SQL, ndiyo nyepesi kushika, halafu Python, lugha ya kuandikia programu. Python ikitema maandishi mekundu usitishike: shuka mpaka mstari wa mwisho, kwa kawaida ndipo kosa linapotajwa. Na ukiomba msaada, mpe mtu ujumbe wote wa kosa pamoja na ulichokwisha kujaribu. "Imegoma" peke yake haimsaidii mtu.