Jibu: Hesabu za fom foo, nyumbani naziweza lakini muda unanimaliza

Assalaam alaykum mdogo wangu wa Wete. Umesema nyumbani maswali unayafanya vizuri, ila kwenye mtihani wa majaribio muda umekwisha ukiwa swali la 9. Mimi nilikwama hapo hapo.

Angalia kwanza: nyumbani unatumia kalkuleta? Kama ndiyo, ifungie kabatini leo. Kwenye mtihani wa hesabu za lazima (Basic Mathematics) hairuhusiwi, unaruhusiwa kitabu cha majedwali tu, kile cha kutafutia logi (logarithm) na sine. Nilikuwa napoteza dakika nzima kutafuta logi moja! Nikawa kila baada ya sala ya alfajiri natafuta logi na sine kumi. Ndani ya mwezi, vidole vikazoea.

Halafu muda. Mtihani ni wa saa 3, yaani dakika 180 kwa alama 100. Maswali 10 ya mwanzo yana alama 6 kila moja, basi dakika 10 zikipita acha nafasi, songa mbele. Manne ya mwisho yana alama 10, yape dakika 18. Na andika njia yote, maana njia ina alama hata jibu likikosewa.

Ile mada ya dunia kama tufe usiikimbie. Chake Chake ipo takriban digrii 5 kusini mwa ikweta, Unguja mjini takriban 6. Digrii moja kwenda kusini ni maili 60 za bahari. Ndiyo hesabu yenyewe hiyo.

Sijui skuli kwenu mmefika mada gani. Piga picha kazi yako ya swali la 9, uiweke hapa, nitaipitia baada ya isha.