Komba wa pikseli 32

Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia wiki hii: "Kaka, mbona kila nikichora paka mdogo anatoka kama doa la chai?" Namjibu hapahapa, maana swali hili naulizwa kila nikitoa stika mpya, na najua mnaosoma hapa mna hamu ileile niliyokuwa nayo: siku moja mnyama wako azunguke kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka akurudie mwenyewe.

Komba wangu amenirudia. Juzi shangazi, ambaye hajui kwamba mimi ndiye niliyemchora, alimtuma kwenye grupu la familia kututakia usiku mwema. Nilifurahi mpaka usingizi ukakata.

Nilimchora kwa GIMP, programu ya bure, kwenye laptopu kuukuu. Kwa hiyo wewe unayesubiri mashine ya mamilioni, acha kusubiri. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita wa Japani alichora emoji za simu za kampuni ya NTT DoCoMo ndani ya miraba 12 kwa 12, na leo zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York. Miraba 144 ilimtosha.

Sasa, dada yangu, doa lako linatoka wapi? Unachora paka mkubwa, halafu unampunguza. Programu inachanganya rangi za pikseli (vile vijimraba vya rangi vinavyounda picha) zilizo jirani, mistari inayeyuka, sharubu zinapotea. Anza na udogo wenyewe: fungua picha ya pikseli 32 kwa 32, ivute karibu mpaka kila mraba uonekane, kisha shika penseli. Brashi usiiguse, inalainisha kingo. Penseli inajaza mraba mmoja na kuishia hapo.

Komba nilimpa kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Kila jicho lilipata miraba minne kwa minne ya kahawia iliyokolea, na ndani yake mraba mmoja mweupe, juu upande wa kushoto. Ukiufuta huo mweupe, komba anakufa. Ukiurudisha, anakutazama. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika mwaka 1943 kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya mviringo ndivyo vinavyotufanya tumhurumie mtoto mchanga. Basi anza na macho. Mkia utafuata, na ukikosa nafasi uache. Kima punju wangu hana mkia, lakini kwa zile nywele nyeupe za utosini na midomo ya waridi, aliyewahi kufika msitu wa Jozani, Zanzibar, anamtambua mara moja.

Ukimaliza, mkuze mara 16 afike pikseli 512 kwa 512, kipimo cha stika za WhatsApp, huku umezima ulainishaji. Hifadhi kama faili la PNG. JPEG inachafua kingo, na haikubali usuli ulio wazi, usio na rangi yoyote nyuma ya mnyama.

Kuna jambo bado linaniuma. Duka moja la nguo za watoto liliniomba digidigi wangu "waangalie tu". Nikawatumia. Kimya. Baadaye nikamkuta kwenye fulana, na lile doa jeusi la kwenye kona ya jicho, mraba mmoja niliouhamisha usiku kucha, liko palepale nilipoliweka. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Si vikatuni tu hivyo?"

Ndugu zangu, si vikatuni tu. Ni kazi, na kazi ina bei, tuitaje bila haya. Anayetaka kuangalia mtumie picha ambayo jina lako limepita katikati ya uso wa mnyama. Wala usidhani ukituma ndogo umejikinga, kwa sababu pikseli 32 zinakuzwa bila kupoteza kitu. Picha safi, isiyo na jina usoni, itoke ukishapokea malipo ya mwanzo. Na mkubaliane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kama mnyama anakwenda kwenye fulana, kwenye matangazo au kote kuwili, kila matumizi kwa bei yake.