Kwa Somoe, kuhusu mzee wa Mchinga

Mwanangu Somoe,

Unga wa muhogo umefika, mama yako kashaupika. Umeniuliza jambo dogo: mzee wako wa kiharusi wa Mchinga amekuja mara mbili, ameruka miadi mitatu, na utaratibu wenu kliniki ya nje ya mazoezi ya viungo ni kufunga faili ili nafasi apewe mwingine. Ufunge au usifunge?

Kwanza tazama kalenda. Huu ni Oktoba, korosho zinaanguka. Anayempandisha huyo mzee kwenye gari ni nani? Kama ni mkewe, basi yuko shambani, ameinama tangu alfajiri. Miaka yangu yote Mtwara, msimu ukianza benchi letu lilikuwa jeupe. Chama cha msingi cha ushirika kikishalipa korosho, wanakuja wote siku moja. Tatizo kiharusi hakingoji malipo. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha zaidi. Ndiyo maana nakuimbia tangu ulipokuwa chuoni Moshi: kwetu mgonjwa anakaa nusu saa, kwake anakaa wiki nzima. Mazoezi ni ya nyumbani.

Najua, utasema "Baba kaanza." Nimeanza.

Yule mama wa Newala sijawahi kukusimulia vizuri. Ni mwaka ule wa mimba ya Hamisi. Mwanawe alizaliwa na mguu kifundo, nyayo zimepindia ndani, miguu yote miwili, na unajua tiba yake: kila wiki unafungua plasta, unaunyoosha mguu kidogo, unafunga nyingine. Safari ya tatu akaja plasta imelowa, ukingo unamong'onyoka kama muhogo uliovundikwa. Alikuwa ameivalisha mfuko wa rambo, akaufunga kwa kamba ya katani, lakini rambo lilikuwa limechanika kisiginoni. Nikamuuliza, benchi zima linasikia: "Mama, huyu mtoto unamtaka au humtaki?"

Hakujibu. Nikafunga plasta mpya, akamfunika mtoto miguu kwa khanga, akashukuru. Akashukuru, Somoe! Hakurudi tena. Kwenye faili niliandika "mtoro", nikafunga.

Baadaye utingo wa gari la Newala akaniambia siku ile walikwama kwenye tope, wakalala njiani, na mama mmoja alikesha kapakata mtoto, kamnyanyua miguu juu ya maji.

Miaka ikapita. Nilipokwenda Newala kwenye msiba wa mjomba wako nikaona kijana ghalani, kabeba gunia la korosho, anakanyagia ubavu wa nje wa miguu, yeboyebo zimelika upande mmoja. Sikumuuliza mama yake ni nani. Wenye miguu ile wapo wengi, huenda siye. Lakini kuuliza kungenigharimu nini? Mama yako anasema najitwika lisilo langu: tulikuwa wawili tu, wagonjwa hadi barazani, plasta zenyewe za kuhesabu. Kweli tupu. Na lile rambo nililiona kabla sijafungua mdomo.

Sasa hilo faili. Uliye mezani ni wewe, mimi mstaafu wa Mikindani, siamui. Utaratibu nao una haki yake, yupo mwingine anayengoja nafasi hiyo. Ingawa ningekuwa mimi... haya, sisemi.

Ila piga simu, na usimpigie mzee, mpigie anayemleta. Usianze na "mbona hamji". Muulize wanamwinuaje asubuhi. Nina hakika wanamvuta kwa ule mkono uliolegea, na bega la kiharusi likivutwa linaweza kuchomoka, kisha maumivu yanamfanya achukie mazoezi yote. Wapitishe mkono nyuma, wamshike kwenye bapa la bega. Hilo anaweza kulifanya hata anayerudi shambani jioni kachoka. Kwetu nusu saa, kwake wiki nzima, unakumbuka.

Mama yako atampa dereva korosho za kubangua Ijumaa, zimo kwenye ile ndoo ya bluu. Anasema ndoo irudi.

Baba yako