Niache faiba nihamie rauta ya laini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Mikindani, nafundisha watoto tuisheni kwa Zoom jioni. Nimefungiwa faiba lakini nikikaa chumba cha nyuma inakatakata mpaka wanafunzi wananiona nimeganda, na mume wangu anasema tuachane nayo tununue rauta ya 4G maana simu yake haisumbui. Nyumba ni ya zamani, ya mawe. Nifanyeje?
– Mwalimu, Mikindani

JIBU: Nzuri dada, pole sana. Usiiache faiba kwanza, nahisi haina kosa. Hizo nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kwelikweli, na waifai inakufa humo, hasa ile ya masafa ya 5 GHz ambayo ina kasi lakini ukuta inaushindwa kuliko ile ya 2.4 GHz (rauta nyingi zinarusha zote mbili). Sasa watu wengi wana faiba mpaka mlangoni halafu zile mita chache za ndani wanategemea hewa, ikikatika wanalaumu faiba.

Jaribu hivi, chomeka laptop kwenye rauta kwa waya wa netiweki (kama haina tundu kuna adapta ya USB), fundisha kipindi kizima hapohapo sebuleni. Isipokatika, basi shida ni waifai yako, nunua waya wa netiweki wa aina ya Cat 6, ya shaba tupu, siyo ile ya alumini iliyopakwa shaba, upitishe juu ya dari mpaka chumba cha nyuma, hata mita 100 inafika bila shida. Simu za humo ndani nazo unazifungia akses pointi (kifaa cha kurusha waifai) mwisho wa huo waya. Vile vikuza waifai vya kuchomeka ukutani mi sivipendi kabisa, vingi vinapokea na kurusha kwa redio hiyohiyo kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu.

Ikikatika hata kwa waya, angalia taa iliyoandikwa LOS kwenye kile kifaa cha faiba, ikiwaka nyekundu ujue mwanga haufiki kwenye kifaa chako, mara nyingi ni faiba imekatwa huko nje, nguzo imeanguka au watu wamechimba mtaro, piga simu waje. Umeme nao usiusahau, ukikatika rauta inazima hata kama faiba ni nzima, ila rauta nyingi zinakula volti 12 tu kwa hiyo kiyupiesi (UPS, betri ya akiba) kidogo kinatosha kumaliza kipindi.

4G siyo mbaya jamani, ila mnara mnagawana na mtaa mzima na jioni ndo kila mtu yuko hewani, saa zako za kufundisha hizohizo. Na isikudanganye kwamba laini iko salama yenyewe, Mei 12, 2024 zilipokatika kebo za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti, wa faiba na wa bando wote tulihangaika.

Mi ningeiweka kama akiba tu. Kabla hamjanunua rauta, chukueni bando dogo la kila mtandao, mkae dirisha la hicho chumba saa moja jioni mpige Zoom kwa simu, mtandao utakaotulia ndo mnunue laini yake.